Fidla Isiyofika Konde

Juzi walikuja vijana wawili wa redio kunihoji. Walitaka niseme habari za muziki wa mkono, huu tunaoupiga watu wakiwa mbele yetu wanatutazama, na kama utakufa. Nikawaambia maneno mengi mazuri. Nikasema siku hizi harusi ya Pemba ni spika mbili na flashi, na bwana mmoja kakaa pembeni na simu yake anaitwa mpiga muziki, ilhali hata kidole hakimuumi. Nikasema kwamba mimi, Nyange, fundi cherehani mchana na mpiga fidla kwa miaka thelathini na nne, sijakubali hata siku moja kuchezesha mkono juu ya nyuzi huku sauti inatoka kwenye mashine. Muziki wa mkono, nikawaambia, hauna uongo. Vijana wakafurahi, wakaandika. Walipoondoka nilikaa mbele ya cherehani nikashindwa hata kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, kwa aibu. Katika kisiwa hiki wapo wengi wa kutoa hotuba juu ya uongo, lakini mimi simo.

Basi haya nitakayoyasema hapa sikuwaambia wao.

Fidla nilifundishwa na Mzee Ahmada, mkubwa wa kikundi chetu cha taarab hapa Chake Chake. Hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea hakugombi. Anaacha kupiga, anakuangalia, anangoja mpaka ujue mwenyewe ulipokosea, kisha mnaanza upya. Afadhali angenipiga kofi. Nyumba yake na ya wazazi wangu zilitazamana, na mkewe, Bi Shamima, alitulea mimi na dada yangu Mwanawema kama tuliozaliwa ndani mwake. Dada alipoolewa na Talib wa Konde, Mzee Ahmada alichukua kikundi kizima akaenda kumpigia. Mama alipomshukuru, alijibu kwamba mtoto wa jirani haozwi kimya kimya.

Sasa siasa. Mtu asiyekuwa wa kwetu hawezi kuielewa siasa ya Pemba mpaka aambiwe jinsi tulivyokuwa tukisusiana. Ukifika uchaguzi, mtu wa chama hiki hanunui hata chumvi kwenye duka la mtu wa chama kile. Harusi hususiwa, khitma hususiwa, hata maiti hususiwa. Watu hukaa barazani wakaliangalia jeneza linapita na wachukuzi wanane, wala hawanyanyuki. Mimi chama cha moyoni sikuwa nacho, na silisemi hilo kujitetea. Ni aibu zaidi kumsusa mtu kwa jambo ambalo hata huliamini.

Mwaka mmoja wa uchaguzi tuliitwa kupiga kwenye mkutano wa kampeni, uwanja wa Gombani. Mzee Ahmada alikubali, kwa kuwa kwake yeye fidla haina kadi ya chama, akiitwa huenda. Siku hiyo ikasadifu kuwa ndiyo anayotolewa bi harusi mbele ya watu Rahila, binti wa dada Mwanawema, kule Konde. Haikuwa shida. Mkutano ulikuwa wa asubuhi, bi harusi angetolewa alasiri, na kutoka Chake mpaka Konde hata gari bovu hufika. Gari tulikuwa nayo. Mzee Ahmada alikwisha kusema kwamba tukimaliza Gombani vyombo vipakiwe, twende moja kwa moja.

Tulipomaliza kupiga, mheshimiwa mmoja, mgeni wa mkutano, alinishika bega. Akaniuliza jina, akanisifu, akasema anatafuta mpiga fidla wa kundi litakalokwenda Unguja kurekodi na baadaye bara. Akaniuliza huku anacheka kama mimi ni mtu wao kweli. Nikasema kweli. Basi, hakuna zaidi ya hilo. Sikutishwa, sikukatazwa, sikuandikiwa barua. Lakini shemeji yangu Talib alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha pili, na bendera ilikuwa juu ya paa la nyumba yake. Nikawaza simu za watu. Mmoja atapiga picha, nitaonekana nimekaa na fidla yangu chini ya bendera ile, na Unguja nitaisikia redioni.

Nikamwendea Mzee Ahmada, nikamwambia dada kapiga simu, hawatutaki tena. Wamesikia tuko Gombani. Kisha nikazunguka nyuma ya uwanja, nikampigia dada, nikamwambia Mzee Ahmada kakataa. Kasema kikundi chake hakitii mguu kwenye nyumba yenye bendera ile. Hazikufika dakika kumi, na wote wawili waliniamini. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Kwa tulivyokuwa mwaka ule, ungemwambia mtu kwamba jirani yake wa miaka arubaini kamsusa, angeitikia tu, kwa sababu na yeye keshasusa na keshasusiwa. Sikuhitaji hata kuwa hodari wa kudanganya. Kisiwa kizima kilikuwa kimeshanitayarishia uongo wangu, mimi kazi yangu ilikuwa kuutamka.

Mzee Ahmada alikuwa keshapanda garini. Akakaa kidogo na fidla yake magotini, akasema kama hawatutaki basi, tena akatuamuru tushushe vyombo. Ama ile safari ya Unguja, mheshimiwa hakunipigia hata leo. Nafikiri jina langu alilisahau kabla hajafika kwenye gari lake.

Mke wangu, Kazija, alikuwa Konde tangu juzi yake, na yeye nilimpa uongo ule ule. Ndiye aliyenihadithia. Dada alitandika mikeka uani, akapanga viti tisa vya wapigaji, na hata baada ya simu yangu akakataza visiondolewe. Alikuwa akisema labda Mzee Ahmada moyo utamlainika njiani. Watu wakasimama kwa kukosa pa kukaa, na viti tisa vipo. Mwisho Rahila alitolewa kwa wimbo wa kwenye simu ya mtu, na mara mbili simu ile ilipigwa katikati ya wimbo, ikabidi waanze tena.

Dada hakunilaumu, na hilo ndilo linalonichoma. Aliniona nimeonewa. Siku ya tatu yake aliniletea sinia la biriani kwa gari la abiria, na salamu kwamba nisihuzunike, anajua mimi ningekuja lau ningeachiwa. Biriani ile niliila. Nilikula mpaka nikaramba vidole, na Kazija akanisifia dada yangu alivyo na moyo, nami nikaitikia.

Miaka miwili baadaye Mzee Ahmada akafariki, ghafla, siku ya Jumatano. Watu walijaa kuzika. Kutoka Konde hakuja mtu. Talib, aliyepigiwa fidla na marehemu siku anaoa, hakuja. Dada hakuja kumhani Bi Shamima na kumpa pole, si siku ya kwanza wala siku ya tatu. Na wakati huo wakubwa wa vyama walikuwa wameshapeana mikono, wamo serikali moja, wanakaa meza moja wakicheka kwenye televisheni. Fahali walishaacha kupigana zamani, sisi nyasi tulikuwa bado tumelala. Watu wakatikisa vichwa, wakasema Konde na siasa zao. Mimi nililibeba jeneza mbele, upande wa kulia, na nilikuwa peke yangu katika umati ule niliyejua kwamba si siasa.

Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema wiki ile. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha kwa kunyamaza, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi kuliko jana yake.

Mwaka huu kaposwa mwanangu, Ruweida. Kwetu bi harusi hatoki chumbani hivi hivi. Yupo somo, mwanamke anayekaa naye ndani siku saba akamsinga mwili kwa manukato na kumfunda, na yupo shangazi, anayemshika mkono kumtoa mbele ya watu. Wote wawili humtoa pamoja, mmoja kulia mmoja kushoto. Somo Ruweida alijichagulia mwenyewe, akamtaka Bi Shamima, aliyempeleka chuoni kusoma Kurani na kumsuka nywele tangu mdogo. Shangazi hakuchagua, kwa kuwa anaye mmoja tu.

Nikachukua halua ya Wete, nikaenda Konde kumwita dada. Alinipokea vizuri, akaita Talib tukasalimiana, akaniuliza habari za mahari na nguo. Kisha Talib alipotoka, akasema:

"Ntakuja. Mwana wetu atolewe mie nisiwepo? Ila nna neno moja. Mie na mke wa yule mzee chumba kimoja hatukai. Mumewe alimwaibisha mwanangu mbele za watu. Mtafutieni Ruweida somo mwengine."

Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema. Nikaangalia mikono ya dada, ilivyozeeka, ikikata halua niliyoileta vipande vidogo vidogo anitilie mimi sahanini, nikaona nikisema hatonikatia tena. Nikasema, "Sawa, dada." Nikala na halua yenyewe.

Siku ya pili asubuhi nilikwenda kwa Bi Shamima kumvua usomo. Nilimkuta ametandika busati, anasaga liwa, ule mti wa kunukia, ya kumsingia Ruweida, na pembeni kaweka asumini kwenye kitambaa kibichi. Nikazunguka. Nikasema mambo ya harusi ni mengi, nikasema ukoo ni mkubwa, nikasema kila mtu ana lake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

Akaniuliza kama ni dada asiyetaka. Nikasema ni yeye. Hakukunja uso. Akaikusanya liwa yote kwenye bakuli, akafunga udi kwenye karatasi, akavitia ndani ya leso mpya ya kuvaa aliyoinunua kwa ajili ya mwanangu, akafunga fundo, akaniwekea mbele yangu. Alisema nimpe huyo nitakayempata, asianze kusaga tena, siku zimekwisha. Nikanyoosha mkono kupokea. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilinyoosha mkono.

"Mzee alijua, Nyange," akasema.

Nikamuuliza alijua nini, na huku naulizia jambo ambalo hakuna aliyelijua kuliko mimi.

Akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Mwezi ule ule wa harusi ya Rahila, mtu wa Konde alikutana na Mzee Ahmada sokoni Chake, akamlaumu kwa kumkataa mtoto wa Mwanawema. Mzee akashangaa, akarudi nyumbani, akakaa nalo, akalipanga mwenyewe mpaka likampambanukia. Bi Shamima alitaka kwenda Konde siku hiyo hiyo akamweleze dada. Mumewe akamzuia.

"Nikamwambia basi nenda mwenyewe ukajitetee," alisema. "Ndo akanambia, 'Mie nikijitetea, Nyange ataondokewa na dadake. Na dada mwengine hana.' Akanikataza nisiseme. Akasema utasema mwenyewe, tukungoje."

Miaka ile miwili ya mwisho Mzee Ahmada alikuwa na jambo lililokuwa likinikera. Tukiwa mazoezini alikuwa akiacha kupiga na kuniangalia, hata nilipokuwa sijakosea. Nilikuwa nikirudia kipande kile kile mara mbili, mara tatu, nikitafuta kosa kwenye vidole. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba mzee kazeeka, masikio yamekwisha. Walicheka. Mimi ndiye niliyewachekesha.

Nilimuuliza Bi Shamima kwa nini basi ananiambia sasa. Akanijibu kuwa alitii maneno ya mumewe mpaka leo, lakini Ruweida hakumkosea mtu. Kuzikwa bila ya jirani zake wa Konde mzee alikuwa radhi nako, alisema, ila kumnyang'anya mtoto somo wake kwa ajili ya uongo ule ule, hilo asingeliridhia.

Leso ile sikuichukua. Nilipanda gari la Konde. Njiani nilitamani liharibike, na halikuharibika.

Dada alikuwa uani anapepeta mchele. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitapata pa kujificha. Nilimwambia yote: mheshimiwa, bega, bendera, simu ya nyuma ya uwanja, maneno niliyomwambia Mzee Ahmada na maneno niliyomwambia yeye, mpaka hilo la mzee kujua. Ungo uliacha kwenda, kisha ukaendelea, kisha ukaacha kabisa.

Aliniuliza kama Mzee Ahmada alipojua hakusema kitu. Nikasema hakusema. Akauliza mpaka kufa. Nikasema mpaka kufa.

Kuku walikuja wakala mchele kwenye ungo na hakuwafukuza.

"Ya Rahila n'shakusamehe," akasema. "Ile haki yetu sie, na sie tu hai. Lakini Nyange, mie n'liposikia kafa, n'lisema afadhali. N'lisema kwa mdomo wangu huu, mbele ya wanangu. Talib alikuwa keshavaa kanzu akazike, n'kamzuia mie mlangoni. Sasa n'kamwombe radhi nani?"

Nilizoea kufikiri kwamba uongo wangu una mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Kwamba siku nikitaka nitautua kama mtu anavyotua mzigo. Kumbe nilikwisha kumtwika mwengine zamani, naye kautembeza bila ya kujua, kausemea maneno, kausimamia mlangoni. Maji yakimwagika hayazoleki. Dada yangu ni mwanamke asiyewahi kukosa mazishi ya mtu, anayekwenda kuhani hata vijiji asivyovijua, na mimi nilimfanya amsuse maiti aliyempigia fidla siku ya harusi yake.

Aliinuka, akavaa buibui, akamwita Talib, wakatoka. Hawakuniambia wanakwenda wapi na hawakunikaribisha kufuatana nao. Niliwafuata kwa gari la nyuma. Nilipofika Chake, viatu vyao vilikuwa mlangoni kwa Bi Shamima. Nilisimama upande wa pili wa njia, penye nyumba iliyokuwa ya wazazi wangu, nikasikia sauti ya dada yangu analia kwa kilio cha msibani, kile cha siku ya kwanza, kwa mtu aliyezikwa miaka mingi nyuma. Majirani wakatoka madirishani kuuliza nani kafa.

Waliyoyazungumza ndani siyajui. Jioni nilimwambia Kazija kila kitu. Aliniuliza kuhusu biriani tu, kama niliila nikiwa najua. Nikasema ndiyo. Akachukua mto wake, akaenda kulala chumba cha Ruweida.

Siku ya kumtoa bi harusi ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Wenzangu wa kikundi walitaka nipumzike, baba wa bi harusi hapigi kwenye harusi ya mwanawe, lakini Ruweida alinitaka mwenyewe. Yeye hajui, au anajua na kaninyamazia, sijathubutu kumuuliza. Dada tangu siku ile ya Konde salamu yangu aliiitikia, kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu, na zaidi ya hapo hakuniambia neno.

Mlango ukafunguliwa. Ruweida akatoka ameinamisha uso, kulia kashikwa na dada Mwanawema, kushoto kashikwa na Bi Shamima, wote wawili wamevaa leso sare. Uani hapakuwa na pa kuweka mguu, na watu wa Konde walikuja wengi kuliko wa Chake. Nikaiweka fidla begani, nikapiga. Nilipiga vizuri, siwezi kusema uongo juu ya hilo. Nilipiga kama nilivyofundishwa. Machozi yakaanza kunitoka, nikashindwa kuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Wanawake wakaniona. Mmoja akaanza kusema mtazameni Nyange, anamlilia mwanawe. Wakapokezana, wakapiga vigelegele, bibi mmoja akanisogelea akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akawaambia wenziwe kwa sauti kubwa kwamba baba mwenye huruma namna hii Pemba hii hakuna. Dada alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, kashika mkono wa mwanangu. Alisikia, akageuka, akaniangalia. Mimi nikainamia fidla yangu, nikawaacha waamini.